Kitindamlo chepesi cha Krismasi: namna ya kuchagua kisichokinaisha

Vitindamlo vingi vinavyojulikana kuwa ni vya Krismasi vilizaliwa kwenye nchi za baridi, na vilikusudiwa vishibishe. Pudingi ya Krismasi ya Uingereza ni zabibu kavu, sukari ya kahawia, mayai, chenga za mkate na shahamu ya ng'ombe, vyote vikachanganywa na kupikwa kwa mvuke saa kadhaa. Gramu 100 zake hukaribia kalori 300, na hapo hujaimwagia krimu. Wafaransa wana keki yao ya umbo la gogo, iliyokunjwa na kupakwa krimu ya siagi. Stollen, mkate mtamu wa Ujerumani wenye matunda makavu, hupakwa siagi iliyoyeyushwa pindi inapotoka ovenini, kisha ikafunikwa kwa sukari ya unga.

Ni vitamu, sina ugomvi navyo. Ugumu ni zamu yake: huletwa mwisho, baada ya nyama, mchuzi mzito, viazi, vinywaji na vitafunio vilivyoanza kuliwa tangu mchana, mtu amekwisha kulegeza mkanda. Ndiyo maana vipande vingi hurudi jikoni vimemegwa pembe moja tu. Mgeni amekula kwa heshima ya mpishi.

Ukitaka kitindamlo kitakachoisha, chagua kwa kuangalia kile kilichotangulia mezani. Mapishi yapo maelfu na mengi ni mazuri. Kinachoamua kama yatakufaa ni sahani iliyoondolewa dakika chache kabla.

Hatua ya 1: Anzia kwenye nyama

Andika mlo wako wote kwenye karatasi, pamoja na vile vya kupokelea wageni. Kisha tafuta kisichokuwepo. Mara nyingi mlo wa Krismasi una chumvi, mafuta, wanga na joto kwa wingi. Kinachokosekana ni uchachu, ubaridi, majimaji, na kitu cha kutafuna kinachokatika mdomoni kwa mlio. Hizo ndizo nafasi zilizo wazi, na kitindamlo chepesi kinatakiwa kijaze mbili au tatu kati ya hizo.

Kama nyama ni ya mafuta, mfano bata au nguruwe, chukua tunda lenye uchachu wa kweli: chungwa, pasheni, nanasi, balungi. Kama ni kuku au bata mzinga, nyama ambayo yenyewe haina mafuta mengi, unaweza kuruhusu ulaini kidogo, labda mtindi au krimu kijiko kimoja juu ya matunda. Mlo wa samaki unakuachia nafasi kubwa zaidi kuliko mingine yote. Na kama chakula kilikuwa na pilipili, weka kitu chenye maziwa, kwa kuwa protini ya maziwa hushika ule ukali na kuuondoa ulimini. Maji ya barafu hayafanyi hivyo.

Angalia pia marudio. Ukipika nyama na nanasi, au ukaweka jamu ya matunda mezani kwa ajili ya kuchovyea, usimalizie na nanasi tena. Ulimi huchoka na ladha moja kabla tumbo halijajaa. Mwaka 1981 mtafiti wa ulaji Barbara Rolls na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wakishashiba chakula fulani, hamu yao ya chakula hicho hushuka sana, lakini vyakula ambavyo hawakuvila bado huwavutia. Ndiyo sababu mtu anayeapa hawezi kuongeza hata tonge moja la wali atapokea bakuli la machungwa baridi bila kusita. Mpe keki nzito yenye siagi baada ya mchuzi mzito wenye siagi, na kiapo chake kitasimama.

Hatua ya 2: Jua "chepesi" unachokitaka ni kipi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu neno hilo linabeba mambo matatu: mafuta, sukari na ukubwa wa sahani.

Mafuta ndiyo yanayoleta uzito tumboni. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya sukari ina 4, na zaidi ya hapo mafuta hulifanya tumbo lichelewe kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo. Mtu ambaye tayari ana mafuta ya nyama tumboni, ukimwongezea ya krimu, utamkuta bado ameketi palepale jioni. Kwa hiyo kama lengo ni watu wainuke mezani wakiwa na nguvu za kucheza na watoto, punguza mafuta kwanza.

Sukari inajificha zaidi. Sorbeti, yaani barafu laini ya juisi ya matunda, haina mafuta hata chembe, na hupewa sifa ya wepesi kila mahali, lakini ili iwe laini bila kuganda kama jiwe inahitaji sukari ya asilimia 25 hadi 30 ya mchanganyiko. Soda ya kawaida ina asilimia 10 au 11. Mtindi ulioandikwa kwamba hauna mafuta nao mara nyingi umeongezwa sukari ili upate ladha, kwa hiyo soma orodha ya viambato nyuma ya kopo. Na wale wanaokwepa krimu ya maziwa wakakimbilia tui zito la nazi wajue kwamba tui hilo huwa na mafuta karibu asilimia 20. Ni tamu, halina maziwa, lakini jepesi si lenyewe.

Ukubwa wa sahani ni jambo rahisi kuliko yote na ndilo linalopuuzwa zaidi. Gramu 100 hadi 120 kwa mtu zinatosha baada ya mlo wa sikukuu. Tumia bilauri ndogo au vibakuli vya mchuzi, siyo sahani za chakula. Kitu kidogo kwenye chombo kidogo kinaonekana kimejaa.

Si lazima ushinde kwenye yote matatu. Mimi huwa napunguza mafuta na ukubwa, halafu sukari naiacha ifanye kazi yake. Ni Krismasi, na kitindamlo kisicho na utamu ni mboga. Ila kama mezani kuna mtu mwenye kisukari, hesabu inabadilika, na sukari ndiyo inayotangulia.

Hatua ya 3: Pitia majina ya wageni

Hii haichukui dakika tano. Jelatini ya dukani hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe. Mgeni Mwislamu au asiyekula nyama anaweza kuikataa, na ana haki ya kuambiwa kabla hajaitia mdomoni. Lozi, karanga na korosho, uliza kama kuna anayedhurika nazo. Mayai mabichi, kama yale ya krimu zilizoumuliwa kwa ute usiopikwa, yaache kabisa ikiwa kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, kwa sababu ya hatari ya salmonela. Asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kijiko cha kuonja. Pombe kwenye shira au jeli ina wapenzi wake, ila tenga bakuli lisilo nayo na uliweke alama, maana watoto hawaulizi.

Hatua ya 4: Hesabu oveni, friji na mikono

Siku ya Krismasi oveni ina mwenyewe, na mwenyewe ni nyama. Friji nayo imejaa vinywaji na masalia ya jana. Kitindamlo kinachodai oveni saa sita mchana, au kinachotaka rafu nzima ya friji, kimeshindwa kabla hujapasua yai.

Jiulize maswali haya kabla hujachagua. Je, naweza kukimaliza jana yake? Je, kinakaa nje ya friji kwa saa mbili bila kuharibika? Kikifika mezani, kinahitaji kazi ya zaidi ya dakika kumi? Jibu la kwanza likiwa hapana, tafuta kingine. Hayo mengine mawili unaweza kuyavumilia moja moja.

Hatua ya 5: Chagua kimoja kati ya hivi

Vitindamlo vyepesi ni vingi, lakini karibu vyote vinaingia kwenye makundi machache. Navitaja kwa mpangilio wa imani yangu, kuanzia kile ambacho ningempa mtu anayejaribu mara ya kwanza.

*Machungwa kwenye shira ya viungo.* Ni rahisi kiasi kwamba watu hukidharau mpaka wakionje. Chungwa ni maji kwa asilimia 86 hivi, na gramu 100 zake hazifiki kalori 50. Kwa watu wanane chukua machungwa makubwa manane, sukari gramu 100, maji mililita 150, kijiti kimoja cha mdalasini, punje nne za iliki zilizopondwa kidogo na karafuu tatu. Chemsha sukari, maji na viungo kwa dakika tano, ipua, acha ipoe kabisa. Ukiimwaga ya moto matunda yatanywea.

Kazi yenyewe iko kwenye kisu. Kata kichwa na kitako cha chungwa ili lisimame wima juu ya ubao. Shusha kisu kuanzia juu kwenda chini, ukifuata mviringo wake, uondoe ganda pamoja na ule utando mweupe wote, mpaka uone nyama ya chungwa ikimeta. Utando ule ndio wenye uchungu, na ukiuacha utajitokeza kwenye shira kesho yake. Kisha lilaze chungwa ukate mikato ya nusu sentimita, toa kokwa, panga kwenye sinia lenye kina, mwagia shira. Yale maganda yenye nyama nyama yakamulie humohumo. Funika, weka kwenye friji kwa saa nne au usiku kucha. Kabla ya kupeleka mezani, nyunyiza punje za komamanga na majani machache ya mnanaa. Gawanya hiyo sukari kwa watu wanane: kila mmoja anapata gramu 12 na nusu, yaani vijiko vitatu vya chai, na bila shaka sehemu ya shira itabaki kwenye sinia.

*Peasi za kuchemshwa.* Zinafuata kanuni ileile, ila tunda linapikwa. Lita moja ya maji, sukari gramu 200, ganda la limau, vanila au tangawizi. Menya peasi zilizoiva lakini bado ngumu, ziache na vikonyo vyao, zizamishe, kisha zifunike kwa duara la karatasi ya kuokea linalogusa maji ili zisielee na kupata madoa. Moto mdogo, dakika 20 hadi 30, mpaka ncha ya kisu iingie bila kusukumwa. Zinakaa siku mbili au tatu ndani ya shira yao na huzidi kukolea. Sukari nyingi hubaki kwenye maji, kwa hiyo usiogope zile gramu 200.

*Barafu ya kukwangua.* Wataliano huiita granita, na kwa Krismasi ya joto ningeichagua mbele ya sorbeti. Sababu ni ileile ya sukari: hapa unataka chenga za barafu, kwa hiyo asilimia 15 hivi inatosha. Nusu lita ya maji ya balungi, pasheni au chungwa, sukari gramu 80 iliyoyeyushwa vizuri, na ndimu kidogo. Punguza sukari kidogo kama tunda lenyewe ni tamu sana. Mimina kwenye sinia la bati, kina kisizidi sentimita mbili, weka kwenye friza. Baada ya saa moja kingo zitaanza kuganda. Zikwangue kwa uma kuelekea katikati. Rudia kila baada ya nusu saa, mpaka upate chenga kavu zinazomwagika. Huchukua saa tatu hivi. Fanya siku moja kabla, kisha ikwangue tena mara moja kabla ya kupakua. Tatizo lake ni moja: mezani inakaa dakika tano tu. Kama familia yenu hupiga hotuba kabla ya kitindamlo, chagua kingine.

*Jeli ya matunda.* Simaanishi ile ya pakiti yenye rangi inayotia doa kwenye meno. Jeli ya maji ya matunda halisi huyeyuka kwenye joto la mwili, ndiyo maana hupita kooni kama kinywaji. Gramu 7 za jelatini ya unga zinagandisha takriban nusu lita ya maji kwa ulaini unaofaa bilauri. Ukitaka kuipindua kwenye sahani ikasimama, ongeza mpaka gramu 10. Loweka unga kwenye maji baridi vijiko vinne kwa dakika tano, pasha sehemu ndogo ya juisi bila kuichemsha, yeyusha jelatini humo, kisha changanya na juisi iliyobaki.

Sasa onyo kuhusu kosa ambalo limeharibu sherehe nyingi: nanasi, papai, kiwi na tini mbichi hazigandi na jelatini. Zina vimeng'enya vinavyokata protini, na jelatini ni protini. Utasubiri usiku kucha na asubuhi utakuta uji. Moto huviua vimeng'enya hivyo, kwa hiyo chemsha juisi ya nanasi dakika chache kwanza, au tumia nanasi la kopo, ambalo limekwishapikwa.

Anayetaka kuepuka jelatini ana agari, inayotokana na mwani. Kanuni zake ni tofauti. Lazima ichemke kabisa, dakika mbili hadi tano, la sivyo haigandi. Gramu 4 hivi kwa nusu lita ni mwanzo mzuri, ila fuata pakiti yako maana ukali hutofautiana. Huganda hata nje ya friji, jambo ambalo siku hiyo ni neema. Lakini haiyeyuki mdomoni, inakatika. Wengine wanaipenda hivyo.

*Pavlova.* Hii ndiyo yenye sura ya sikukuu kuliko zote, na ndiyo inayoogopwa bure. Imepewa jina la Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926, na nchi hizo mbili hadi leo hazijakubaliana ni nani aliyeitengeneza kwanza. Kule Krismasi huangukia majira ya joto, na pavlova ndiyo keki ya mezani: ganda kavu la ute wa yai na sukari, ndani laini, juu matunda.

Tumia ute wa mayai manne, sukari laini gramu 200, kijiko kimoja cha chai cha siki nyeupe na viwili vya wanga wa mahindi. Mayai yatenganishe yakiwa baridi, kwa kuwa kiini huwa kigumu na hakipasuki ovyo, halafu uache ute ufikie joto la chumba ndipo uupige. Tone moja la kiini au bakuli lenye mafuta litakunyima povu, kwa hiyo futa bakuli kwa siki kwanza. Piga mpaka vilele vishike, kisha anza kutia sukari kijiko kimoja kimoja, ukipiga kati ya kila kijiko. Usiharakishe hapa. Chukua kidogo usugue kati ya vidole viwili: ukisikia chembe, sukari haijayeyuka, na itatoka jasho ovenini kwa matone ya rangi ya asali. Ikiwa laini kabisa na ina mng'ao, tia siki na wanga kwa mwiko. Siki huimarisha povu, wanga huweka ule ulaini wa katikati.

Itandaze juu ya karatasi ya kuokea, duara la sentimita 20 lenye kingo zilizoinuka. Oveni nyuzi 120 za Selsiasi, saa moja na robo hadi saa moja na nusu, kisha uzime na uiache humohumo mpaka ipoe, mlango umefungwa. Ioke usiku wa kuamkia sikukuu, wakati oveni haina kazi, na umepita mtihani wa hatua ya nne. Ikishapoa hukaa siku mbili kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kwenye hali ya hewa yenye unyevunyevu italegea haraka, basi usiitoe mpaka dakika ya mwisho.

Je, ni nyepesi? Haina siagi wala unga wa ngano, na ikikatwa vipande vinane kila kimoja kina sukari gramu 25. Kinachoipa uzito ni krimu. Krimu lazima iwe na mafuta walau asilimia 30 ndipo ishike povu, na ile nzito ya Uingereza hufika 48. Changanya nusu krimu iliyopigwa, nusu mtindi mzito uliochujwa usio na sukari. Mafuta yanashuka na uchachu unaingia, nao ndio unaoukata utamu wa ganda lile. Juu yake weka pasheni. Stroberi ni nzuri kwa picha, ila pasheni ndiyo inayofanya kazi.

*Mtindi na matunda kwenye bilauri* ni kwa aliyekosa muda kabisa. Mtindi mzito, matunda yaliyokatwa na kulazwa na sukari kijiko kimoja kwa nusu saa mpaka yatoe maji yake, juu yake lozi zilizokaangwa kavu. Lozi zitiwe mwisho, la sivyo zitalowa.

Saladi ya matunda ya kawaida nimeiacha makusudi. Ikifanywa ovyo huwa bakuli la vipande vya kahawia vinavyoogelea. Ukiing'ang'ania, tumia matunda matatu tu, yapakae maji ya limau mara baada ya kuyakata, na ndizi iingie wageni wakiwa tayari wameketi.

Hatua ya 6: Onja kikiwa kwenye ubaridi wake

Ubaridi hupunguza utamu ulimini. Shira iliyokuwa tamu kupita kiasi ikiwa ya moto itakuwa sawa ikitoka kwenye friji, na mchanganyiko wa granita unaokutosheleza kabla ya kugandishwa utakuwa chapwa ukishaganda. Basi vya kugandishwa vitie utamu kidogo zaidi ya unavyopenda. Vya friji vionje tena asubuhi ya siku yenyewe, vikiwa baridi.

Kikionekana kina utamu mtupu, usikimbilie kuongeza maji. Ongeza limau, matone machache kwa wakati. Kikionekana hakina ladha kabisa, jaribu chumvi, chembe chache tu unazoweza kuzishika kwa ncha za vidole viwili. Chumvi hukandamiza uchungu na kuufanya utamu wa tunda usikike. Viungo vya mdalasini na karafuu huongezeka nguvu kadiri vinavyokaa, kwa hiyo karafuu zitoe kwenye shira usiku huohuo. Zikilala humo, asubuhi chungwa litanukia kama dawa ya meno.

Hatua ya 7: Panga saa ya kukileta

Baada ya nyama, pumzisha meza. Ondoa sahani zote, futa, leta maji ya kunywa, acha watu wazungumze nusu saa au hata saa nzima. Tumbo huchelewa kutoa taarifa kwamba limeshiba, na mtu aliyepewa muda huo anajua vizuri anachotaka. Harufu ya mchuzi nayo inakuwa imeondoka chumbani. Machungwa yenye mdalasini yakiletwa juu ya sahani zenye mifupa hayana nafasi.

Kuna wale wasiokubali Krismasi bila pudingi au keki yao ya zamani, hasa wakubwa wa familia. Usibishane nao. Weka keki ndogo pembeni, ikatwe vipande vya vidole viwili, na kitindamlo chako kikae katikati. Babu apate kipande chake na machungwa kando. Mara nyingi utaona anachomalizia ni machungwa.

Pakua wewe mwenyewe sahani za kwanza, kidogo kidogo, halafu uache bakuli mezani kila mtu ajiongezee. Mtu anayejiongezea hula kwa kupenda. Pavlova ikate kwa kisu chenye meno, na usisikitike ikivunjika, kwa kuwa huvunjika kwa kila mtu.

Kitakachobaki kina mahali pake. Shira ya machungwa ichuje uichanganye na maji baridi na ndimu, iwe kinywaji cha kesho. Peasi zinafaa na uji wa asubuhi. Granita iliyoyeyuka inarudi friza na kukwanguliwa upya. Jeli hukaa siku tatu kwenye friji ikiwa imefunikwa. Pavlova iliyokwisha pakwa krimu haina kesho: ivunjevunje kwenye bilauri pamoja na matunda yaliyobaki usiku huohuo, uwape walio jikoni wakiosha vyombo.